Dada Futi na Jicho la Mdogo Wake

Mtaa mzima ulimwita Dada Futi, na mwenyewe alikuwa ameshazoea. Futi ya kushonea, ile ya kamba, ilikaa shingoni mwake tangu anafungua duka asubuhi hadi anafunga, na kuna siku alifika nayo nyumbani, akapika nayo, akala nayo, akaja kuivua anakwenda kuoga. Alikuwa mtu mzima aliyekwishavuka arobaini, mrefu, mkavu kidogo, mwenye sugu kwenye kidole gumba pale mkasi unapokaa. Maneno yake yalikuwa machache na kazi yake safi. Nguo aliyoshona ukiigeuza ndani nje, ulibaki ukijiuliza upande upi ndio wa kuvaa.

Ushonaji aliupata kwa mama yake, na aliupata kwa taabu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, akaacha shule akaja kukaa pembeni ya cherehani. Kola yake ya kwanza aliifumua na kuishona tena mara nyingi mpaka kitambaa kikachanika. Mama hakumgombeza. Alimpa kitambaa kingine akamwambia aanze upya. Ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo: jambo hakulijua mpaka mikono yake imelijua, na likishaingia mikononi halikutoka tena. Alikumbuka bega gani la mwalimu mkuu limeshuka, na mke wa daktari alinenepa kiasi gani baada ya mtoto wa pili. Mambo hayo yalikaa kichwani mwake kama vifungo vilivyopangwa kwenye makopo, kila rangi na kopo lake.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akamjalia mdogo kama Chiriku.

Chiriku alipewa jina hilo kwa mdomo wake, maana hata akiwa peke yake alikuwa akiongea. Alikuwa amejaribu kusuka nywele akaacha, akauza simu akaacha, akaolewa akaacha. Kila alichokigusa alikielewa upesi, na kikishaeleweka kilimchosha. Siku aliyorudi na begi lake na kusema kwamba sasa anataka kushona, Dada Futi alicheka moyoni. Alidhani mambo yatakuwa yale yale ya nywele na simu. Lakini ilipita miezi michache tu, Chiriku akawa anakata gauni bila chaki.

Alikuwa anamwangalia mteja anavyoingia, anavyoweka mkoba, anavyotafuta mahali pa kukaa. Kisha anatandaza kitambaa mezani na mkasi unakwenda. Ukimuuliza amejuaje, alisema hajui, ameona tu. Mwanamke mmoja mfiwa alikuja kutaka gauni jeusi la kwendea kazini. Chiriku alimtazama kidogo, akamwambia kwa upole kwamba nyeusi ameivaa vya kutosha, akamvutia kitambaa cha rangi ya matofali. Gauni lilipokwisha, yule mama alijiona kwenye kioo, akatokwa na machozi, akamkumbatia Chiriku kama mtu aliyeokolewa. Dada Futi alikuwa nyuma ya pazia akiona yote. Pindo la gauni lile lilikuwa limepinda, na usiku ule, bila mtu kujua, aliyelifumua na kulinyoosha kabla halijatoka dukani alikuwa yeye.

Pindo hamna anayeliona. Hilo ndilo lililomkaa rohoni. Wateja walianza kuja wakiuliza, "Yule mdogo yupo?" na wakiambiwa ametoka walisema watarudi. Dada Futi alijibu kwa tabasamu, akageukia kazi yake. Wengine waliobaki naye walibaki kama watu wanaokula wali bila mboga.

Mama yao macho yalikuwa yamefifia, hakuweza tena kushona, lakini alikataa kukaa nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango akibandika vifungo kwa kupapasa, akisikiliza kila kitu. Siku moja mteja alimsifu kwa kulea mafundi wawili. Mama akacheka, akasema, "Huyu mkubwa nilimfundisha. Huyu mdogo alizaliwa nao." Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha. Dada Futi alikuwa anapiga pasi, na pasi ilisimama mahali pamoja hata kitambaa kikaanza kutoa harufu. Miaka yote ile ya kufumua ilikuwa imewekwa kwenye mizani na maneno manne, na maneno yakawa mazito zaidi.

Miongoni mwa wateja alikuwapo mama mmoja aliyekuwa mshauri wa wanafunzi chuoni, mtu wa suti, mcheshi, asiyependa kusimama kimya anapopimwa. Wao walimwita Mshauri. Kazi yake ilikuwa kuongea na vijana waliokwama, akitaka kwanza kujua kijana ni mtu wa aina gani. Siku moja Chiriku alikuwa amekwenda kununua uzi, na Mshauri, akiwa anapimwa, akauliza inakuwaje tumbo moja kuzaa watu mbalimbali namna hii.

"Akili nywele," alisema Dada Futi na pini mdomoni. "Kila mtu ana zake."

Mshauri alifurahi sana, akasema hata wasomi wameandika mavitabu mazito kusema hilo hilo. Akaeleza, huku amenyoosha mikono kama kinyago, kwamba kila akili ina kazi mbili kubwa: kupokea mambo na kuyapima. Katika kupokea, wapo wanaopokea kwa macho na mikono, kimoja kimoja, wanachokigusa wanakiweka na hakipotei. Na wapo ambao mambo huwaingia yakiwa yameshaungana, wanaona mwisho kabla hawajaona njia, wala hawawezi kukwambia wamepitia wapi. Kila mtu anazo zote mbili, ila moja ndiyo mkono wake wa kulia. Wala hapana iliyo bora, alisema.

Dada Futi alisikiliza, akakubali kwa kichwa. Moyoni alijiuliza, kama hapana iliyo bora, mbona wanakumbatia mmoja tu.

"Na ule mkono wa kushoto?" aliuliza, kwa sababu hakupenda jambo liishie katikati. "Huo usiotumika?"

"Unakaa kimya," alisema Mshauri. "Lakini mtu akichoka sana, au akiumia, huo ndio huinuka, na huinuka vibaya maana haujafundishwa. Mtu wa vipimo kama wewe, akizidiwa, anaanza kuona ishara. Mlango ukigongwa ni balaa. Watu wawili wakinong'ona, wanamsema yeye. Anaamini kabisa kwamba amejua, kumbe ni hofu imevaa nguo ya kujua."

Walicheka wote wawili, na Dada Futi akaendelea kubana pini. Maneno hayo aliyasikia kama mtu anavyosikia habari za ugonjwa wa jirani.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuona. Aliona Chiriku anaongea na muuza vitambaa wa mtaa wa pili kwa sauti ya chini, na alipokaribia wakabadilisha mazungumzo. Aliona Chiriku anachukua simu nje. Aliona anaiangalia cherehani anayoshonea kama anayeaga. Basi akaunganisha: mdogo wake anataka kujitenga, aondoke na wateja, amwachie yeye viraka na zipu zilizokatika. Kila siku iliongeza kipande. Wivu ukishapata ushahidi hauli tena kwa kijiko, unakula kwa mikono miwili. Alianza kukaa macho akimhesabia Chiriku makosa, akanyamaza mezani, na chai aliyopikiwa na mdogo wake akaiacha ipoe.

Ndipo akaja bibi harusi.

Alikuja na shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha mkutano, aliyejibu maswali yote badala ya mwali. Msichana mwenyewe alikuwa mpole wa kupindukia, ameinamisha kichwa, mabega ameyakunja mbele kama anayesikia baridi. Alitaka gauni jeupe la satini, lenye lesi. Dada Futi alimpima kama anavyompima kila mtu. Alimwambia asimame wima, aangalie mbele, ashushe pumzi. Futi ilipopita mgongoni alishangaa kidogo: chini ya aibu ile kulikuwa na mgongo mpana wa mtu wa michezo. Msichana alimnong'oneza kwamba ndiyo, alikuwa akiogelea mashindano tangu utotoni.

Lakini shangazi alikuwa amesikia sifa. Alitaka akate yule mdogo. Chiriku alimzunguka msichana, akamwangalia alivyokaa, akasema ameshalipata, gauni dogo, la kimya, lisilompigia kelele. Vipimo vya dada yake havikuombwa. Akatandaza satini, mkasi ukaenda.

Dada Futi alikuwa upande wa pili wa meza. Alipoona mkasi unapinda kwapani alijua. Mgongo ule hautaingia hapo. Akajua pia kwamba Chiriku haachi nafasi ya mshono, anaacha upana wa uzi tu, hivyo kosa likishakatwa hakuna kitambaa cha kupanulia. Neno moja lingetosha. Alilihisi ulimini, limekamilika, na akalimeza. Alichukua pasi akaenda kunyoosha kola ya mtu mwingine, vizuri kabisa, bila mkunjo hata mmoja.

Siku zile za katikati hazikuwa nzuri kwake. Mara mbili alimkaribia Chiriku akitaka kusema, na mara zote mbili mteja aliingia akiuliza kama yule mdogo yupo. Basi akaacha. Alijiambia kwamba si yeye aliyekata. Alijiambia kwamba mtoto asipochomwa na moto hataujua. Kwa kweli alikuwa anaingojea siku ya msichana kujaribu gauni kama mtoto anavyongojea sikukuu, na jambo hilo lilimtia aibu, wala aibu haikumzuia.

Walikuja asubuhi ya siku iliyotangulia harusi, kwa sababu shangazi alikuwa mtu wa kuchelewa. Na msichana aliyeingia hakuwa yule wa kwanza. Furaha ilikuwa imemnyoosha. Alitembea kichwa juu, mabega yamefunguka, akacheka na mama mlangoni. Akaingia nyuma ya pazia na Chiriku. Kisha ikasikika sauti ya satini ikivutwa, na sauti ya msichana ikisema, "Haliingii."

Shangazi alifungua pazia kwa mkono mmoja. Gauni lilikuwa limekwama mabegani, mikono ya msichana imenyanyuliwa kama aliyekamatwa. Shangazi alianza kusema, akasema mengi, ya duka, ya mafundi wa siku hizi, ya watu wanaosifiwa bure. Dada Futi alisimama na mikono nyuma. Alikuwa ameingojea saa hii, na ilipofika alitazama uso wa mdogo wake kutafuta aibu.

Chiriku hakuwa anamwangalia shangazi wala gauni. Alikuwa anamwangalia yeye. Yalikuwa yale macho anayowaangalia wateja wanapoingia mlangoni, kitambo kifupi tu, na kikamtosha.

"Dada," alisema taratibu, "ulijua."

Haikuwa swali. Dada Futi alifungua mdomo kusema alikuwa hajui kitu, na hakuweza. Mama kwenye kiti chake aliacha kubandika kifungo.

"Nilijua," alisema.

Chiriku aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Halafu akageuka, akamvua msichana gauni kwa upole, akamwambia asilie, macho yatavimba bure. Akamwomba shangazi akakae na mama apewe maji. Akalitandaza gauni mezani. "Haya, tufanyeje?"

Dada Futi alisema wataongeza vipande kwapani. Alishaanza kupima. Chiriku alilitazama gauni, akamtazama msichana aliyesimama na shuka kifuani, wima, mabega yake mazuri yanang'aa, akasema hapana. Alisema yeye alimshonea mtoto aliyejificha, na aliyekuja leo hajifichi. "Fungua mgongo wote. Mpaka kiunoni. Tuweke lesi tupu, mgongo uonekane. Aringe nao."

Dada Futi aliona kwamba ni kweli. Aliona pia kwamba yeye asingeliona hilo hata angepewa mwezi mzima, na katikati ya fedheha yake ule wivu ukamchoma tena, palepale, mbichi kama mwanzo. Lakini kuona ni jambo moja. Lesi ile ilikuwa laini na satini nzito, ukiziunganisha ovyo moja inavuta nyingine na gauni zima linapinda. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono iliyofumua sana. Akashika mkasi wa ncha. Walifanya kazi upande huu na upande huu wa meza, mmoja akisema hapa shusha, mwingine akisema nikishusha itavuta, acha nilaze bitana kwanza. Mchana ulipogeuka msichana alivaa, akajigeuza kwenye kioo, akaangalia mgongo wake kwa kupitia begani kana kwamba hajawahi kuuona. Shangazi alisema, kwa sauti ndogo kwa mara ya kwanza, kwamba afadhali lile la kwanza halikuingia.

Walipokwisha kuondoka, Dada Futi alikaa kwenye stuli. Alisema, "Nisamehe."

"Nimeshakusamehe," alisema Chiriku huku akiokota vipande sakafuni, na ilionekana wazi kwamba ni kweli, ameshasamehe, limepita. Dada Futi aliona uchungu. Hata kusamehe kulimjia Chiriku kwa wepesi.

"Unataka kuondoka," alisema. "Wewe na yule muuza vitambaa mnapanga. Nami nimeona."

Chiriku aliacha kuokota. "Naondoka, ndiyo. Ana chumba mbele ya duka lake, nimekikubali." Kisha akasema, "Lakini hujaona sababu. Umeona kwamba nataka kukuchukulia wateja. Mimi nakimbia macho yako, dada. Ukinitazama wakati nakata, mkono unakufa ganzi. Nakaa nje na simu isiyo na mtu upande wa pili, napumua tu. Nimekupikia chai wewe unaiacha ipoe. Ningekaa vipi?"

Dada Futi alikuwa ameyaona mambo yote sawasawa, mnong'ono, simu, macho kwenye cherehani, hata moja halikuwa la uongo. Aliyaunganisha vibaya tu, kwa sababu aliyekuwa anaunganisha ni wivu. Alimkumbuka Mshauri na mikono yake ya kinyago, akaona haya peke yake.

Chiriku alihama mwisho wa wiki. Wateja wengi walimfuata, kama ilivyotarajiwa. Duka likawa kimya, na Dada Futi aligundua kwamba kimya hicho hakikumponya. Sasa aliwaza magauni asiyoyaona, na asiyoyaona yalikuwa mazuri zaidi.

Siku moja, wakiwa wawili tu, alimuuliza mama yake kwa nini hakuwahi kumsifu yeye. Alikuwa na umri wa kuona aibu kuuliza hivyo, lakini aliuliza. Mama alipapasa kifungo kwenye bakuli muda mrefu.

"Mdogo wako nilimsifu kwa sababu sikuelewa anavyofanya," alisema. "Wewe kazi yako naielewa. Ni ya kwangu. Mtu anajisifuje mwenyewe?"

Dada Futi aliyageuza maneno hayo ndani nje, akatafuta mshono wake. Hayakuwa sifa kamili, wala hayakuwa matusi. Aliyachukua hivyo hivyo.

Huko kwa Chiriku mambo yalikwenda mbio halafu yakaanza kulegea. Magauni yalisifiwa siku ya kwanza, na ya pili pindo likafumuka. Wasichana aliowaajiri walikata kwa jicho kama yeye, ila jicho hawakuwa nalo. Mwishowe alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa la kusema. Ilibidi mama amuulize kama amekuja kuuza kitu. Alikuja kumwomba dada yake awe anakwenda kuwafundisha wale wasichana, siku moja kwa wiki, namna ya kupima, kuacha nafasi ya mshono, kumaliza kazi.

Dada Futi hakukubali siku hiyo. Alimwacha mdogo wake angoje kidogo, na kungojwa kukamtia raha ambayo hakuificha sana. Kisha akakubali.

Sasa huenda kila Alhamisi. Wasichana wanamwogopa na wanamheshimu, na mmoja, mzito wa kuelewa lakini hasahau, anampenda waziwazi. Huwa anawakalisha chumba cha nyuma na kuwafumulisha kola. Chumba cha mbele Chiriku anapokea wateja. Mara kwa mara, kupitia ukutani, inasikika ile sauti ya mwanamke anayejiona kwenye kioo na kushusha pumzi kwa mshangao. Dada Futi akiisikia mkono wake husita juu ya kitambaa, na kifuani jambo lile lile hugeuka, halijafa, nalo kwa hakika halitakufa leo. Anangoja lipite. Halafu anamwambia msichana aliye karibu naye kwamba hapo amevuta uzi sana, afumue.